Dadu Ikishaanguka

Katika kitabu cha Dungeons & Dragons alichokihariri Tom Moldvay, kilichotoka mwaka 1981, ipo kanuni fupi ambayo meza nyingi huiruka. Kila baada ya zamu mbili, yaani dakika 20 za ndani ya hadithi, mwamuzi anarusha dadu ya pande sita. Ikitoka 1, kuna kitu kinakuja. Hakimo kwenye ramani, wala hakikuwa kimejibanza chumbani kikingoja mlango ufunguliwe. Kiko njiani na shughuli zake, na njia yake imekutana na ya wachezaji. Mwamuzi anatazama jedwali, anarusha tena kujua ni nini, anarusha kujua ni wangapi, anarusha kujua wako umbali gani. Kisha anainua uso, na wote mezani wanamtazama mdomoni.

Ninachotaka kukizungumza kimo katika sekunde hizo chache, tangu dadu itulie hadi mwamuzi afungue kinywa. Naamini ndimo ulimo ufundi wa kuendesha mchezo wa namna hii, na naamini pia kwamba wengi wanautafuta kwingine.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mchawi, mtu wa ibada. Ila mmoja wao hana mhusika. Huyo ndiye mwamuzi, na dunia yote iliyobaki ni yake: mvua, walinzi, wauza duka, mazimwi. Wachezaji wanasema wanachofanya, mwamuzi anasema kinachotokea, na pale ambapo hakuna anayejua kitakachotokea, dadu zinaulizwa. Gary Gygax na Dave Arneson ndio waliouandika. Mchezo ulitoka mwaka 1974 huko Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin nchini Marekani: vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja, nakala 1,000 kwa chapa ya kwanza. Kijitabu cha tatu, kinachohusu mapango na nyika, kilikuwa tayari na majedwali ya viumbe wa kukutana nao njiani. Sadfa haikuja baadaye. Imo tangu siku ya kwanza.

Na ilikuwa na kazi ya kufanya. Nafasi moja katika sita, kila dakika 20, maana yake ni kwamba katika saa moja ya kutembea chini ya ardhi dadu itarushwa mara tatu, na uwezekano wa kukutana na kitu angalau mara moja unafika kama asilimia 42. Mwenge mmoja nao unawaka kwa muda huo huo, zamu sita. Tena, katika toleo lile, pointi za uzoefu zinazomkuza mhusika zilitokana hasa na hazina: sarafu moja ya dhahabu ikifikishwa nje salama, ni pointi moja. Kumuua kibwengo kulileta pointi 5, za kugawana kundi zima. Na kibwengo anayerandaranda usiku hana mali ya maana mfukoni. Ana panga tu. Kupigana naye ni hasara tupu.

Yaweke hayo pamoja uone yanavyoshikana. Mchezaji anayegonga kila ukuta akitafuta mlango wa siri, au anayebishana na wenzake nusu saa kama waende kushoto au kulia, anajua kwamba anatumia kitu. Muda una bei, na bei hiyo inalipwa kwa damu na mafuta ya taa. Ondoa ile dadu, na muda unakuwa wa bure. Watapekua kila kona, watalala kila wakichoka, na hakuna uamuzi wao utakaokuwa na uzito, kwa kuwa hakuna walichokikosa kwa kuuchukua.

Walioilaumu kanuni hii kwamba inakatiza hadithi, mara nyingi walikuwa wanaitumia peke yake, bila ndugu zake. Hazina haikuwa tena chanzo cha uzoefu, mienge haikuhesabiwa, na kila kiumbe aliyejitokeza alihesabiwa kuwa wa kuuawa. Ukishaondoa vyote vilivyoipa maana, lazima ionekane haina kazi. Nakubaliana nao kwamba mapigano ya mfululizo na mbwa mwitu, kutoka mji huu hadi mji ule, yanachosha. Lakini hapo kosa si la sadfa. Kosa ni kudhani kwamba kukutana ni kupigana.

Kitabu kile kile cha 1981 kinakataa dhana hiyo waziwazi, na hii ndiyo sehemu yake ninayoipenda kuliko zote. Kiumbe akishatokea, na kama hali yenyewe haisemi atafanya nini, mwamuzi anarusha dadu mbili na kuzijumlisha. Ikitoka 2, kiumbe anashambulia papo hapo. Kuanzia 3 hadi 5, ana uadui na huenda akashambulia. Kuanzia 6 hadi 8, hana uhakika, ameduwaa. Kuanzia 9 hadi 11, hashambulii: anaondoka, au anasikiliza mnataka kumpa nini. Ikitoka 12, ni urafiki wa moyo mkunjufu. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Kati ya hizo, 16 ni za kuduwaa, na moja tu ni ya shambulio la papo hapo. Mchezo unaosemwa kuwa wa kuchinjana unamwambia mwamuzi kwamba, mara nyingi kuliko zote, yule uliyekutana naye gizani naye hajui afanye nini. Kashika silaha yake, anakutazama, anangoja uanze wewe.

Wapo watu waliocheza miaka na miaka bila kulijua jedwali hili. Nawasikitikia kwa dhati, maana nusu ya mchezo haijawafikia.

Chukua usiku mmoja mezani kwetu, tunapotumia kanuni hizo. Wachezaji walikuwa ndani ya ngome kongwe iliyozama nusu chini ya kilima. Mapema katika hadithi, ili kuwamaliza buibui wakubwa waliokuwa wakiwafukuza, walivunja lango la maji kwenye birika la juu. Buibui wakafa, na wao wakayasahau maji. Baadaye, wakipanda ngazi kutoka ghorofa za chini, dadu ikatoa 1. Jedwali likasema vibwengo. Idadi, sita. Umbali, futi 60. Nikarusha zile dadu mbili za msimamo: 10.

Namba hizo ukizisoma kama zilivyo, unasema: "Vibwengo sita wanakuja, hawana nia ya kushambulia." Ni kweli, na haisaidii kitu. Kazi ya mwamuzi inaanzia kwenye swali moja: kwa nini? Vibwengo sita, katika ngome ambayo wiki nzima kumekuwa na mapigano, wanakutana na watu wenye silaha na hawataki vita. Basi wana jambo kubwa kuliko vita. Jambo gani, humu ndani, saa hii? Jibu wachezaji wenyewe walikuwa wameshaliandika, pale walipovunja lango.

Nikawaambia: taa yenu inamulika vibwengo sita, wanapanda ngazi nyuma yenu, wamelowa hadi kifuani. Wawili wamebeba mlango uliong'olewa bawabani, na juu yake amelazwa kibwengo mzee. Mmoja amejitwisha sufuria. Wamewaona, wamesimama.

Kijana mwenye mhusika mpiganaji alikuwa ameshaichukua dadu yake. Dada aliyekuwa na mtu wa ibada akamshika mkono, akasema kwa sauti ya mhusika wake, "Jamani, mnahama?"

"Nyumba zimejaa maji, mama," nikajibu kwa niaba ya yule mwenye sufuria. "Hata hatujui yametoka wapi."

Wakatazamana. Hakuna aliyesema yametoka wapi, kwa muda mrefu sana. Usiku uliobaki wote uliishia hapo hapo ngazini: mazungumzo ya wapi mzee yule alazwe, ubishi wa kunong'onezana kama wakiri au wanyamaze, na mwisho wake makubaliano yaliyoibadilisha ngome nzima kwa sehemu yote ya hadithi iliyofuata. Hayo sikuyapanga, na nadhani nisingeweza kuyapanga. Ningekaa nyumbani nikatunga kisa cha watu waliogharikisha makazi ya wengine, ningekitunga kwa kukusudia kuwafunza jambo, na wachezaji wana pua kali kwa mambo hayo. Dadu haikukusudia chochote. Ndiyo maana waliona lile jambo ni lao, si langu.

Mpiga ramli wa mwambao anapopiga nukta zake mchangani, alama zinazoweza kutokea ni 16 tu, na hakuna hata moja inayomtaja aliyekuja kuuliza, wala mgonjwa wake, wala safari yake. Elimu ya mpiga ramli ni kuzisoma alama hizo chache kwa ajili ya huyu aliyekaa mbele yake leo. Mwamuzi naye yuko hivyo mbele ya jedwali. Na kama ilivyo kwa mpiga ramli, heshima yake yote inategemea jambo moja: alama ikishatoka, haifutwi kwa kiganja ili ipigwe nyingine.

Ubishi kati ya dadu na akili ya mwamuzi ni wa zamani kuliko Gygax. Mwaka 1824, luteni wa mizinga katika jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa vita wa kuwanoa maofisa. Makamanda wa pande mbili, ramani ya kipimo cha 1:8,000, zamu za dakika mbili mbili, na katikati yao mwamuzi. Makamanda waliandika amri zao. Mwamuzi ndiye aliyesogeza vikosi, akawaonyesha kile tu ambacho askari wao wangeweza kukiona kutoka pale walipo. Mapigano yaliamuliwa kwa dadu na majedwali ya hasara. Müffling, mkuu wa mipango ya jeshi, aliupenda mno akaupendekeza kwa jeshi zima. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda majedwali yalizidi kuwa mazito, na maofisa wakachoka kuhesabu. Mwaka 1876, Julius von Verdy du Vernois akaandika kitabu chenye dawa kali: achana na majedwali, mwamuzi mwenye uzoefu aamue mwenyewe.

Verdy alikuwa na haki ya kusema hivyo. Katika vita vya 1870 na 1871 dhidi ya Ufaransa alikuwa katika makao makuu ya jeshi la Prussia, chini ya Moltke. Alijua batalioni inachukua muda gani kuvuka daraja jembamba, na kikosi kilichopigwa asubuhi kinabaki na moyo kiasi gani jioni. Alipokata shauri, nyuma ya shauri lake palikuwa na mambo aliyoyaona kwa macho.

Mwamuzi wa vibwengo na majoka yeye kayaona wapi? Hakuna joka alilopigana nalo. Akiziweka dadu pembeni na kubaki na akili yake, kinachobaki mara nyingi ni mazoea tu, na anaweza asijue. Hatari inatokea pale ambapo sinema ingeitokeza. Mhusika anayependwa anapona kwa unywele, adui mkuu anaponyoka hadi sura ya mwisho, na mzee wa kijiji daima ana siri. Nimekaa katika meza za namna hiyo, chini ya waamuzi hodari wa maneno, na baada ya muda nikawa najua kila kitu kabla hakijatokea. Dadu inamtoa mwamuzi katika mazoea yake. Inamlazimisha aeleze jambo ambalo asingelichagua, na katika kulieleza anaigundua dunia yake pamoja na wachezaji. Kwa hiyo nadhani sisi tunaihitaji zaidi kuliko walivyoihitaji maofisa wa Berlin.

Mawazo ya mwamuzi huru yalivuka bahari. Mwaka 1880, ofisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha mchezo wake wa vita, Strategos. Miongo mingi baadaye David Wesely, kijana wa Minnesota aliyependa michezo ya vita, alikikuta kitabu hicho maktabani na kuokota humo wazo kwamba mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote, na mwamuzi ndiye ataamua. Mwaka 1969 aliwaendeshea wenzake mchezo katika mji wa kubuni wa Ujerumani ya enzi za Napoleon, Braunstein. Badala ya majeshi, wachezaji walipewa watu, mmoja mmoja. Wakaanza kutembea mjini, kupanga njama, kufanya mambo ambayo Wesely hakuyaandalia kanuni. Yeye alidhani mchezo umeharibika. Wenzake wakaomba mwingine. Arneson alikuwa mmoja wao, na mchezo wa Blackmoor aliouanzisha yeye ndio uliomfikia Gygax. Hivyo Dungeons & Dragons ilizaliwa na wazazi wawili wasiopatana, jedwali na hiari ya mwamuzi, na kila meza inayokaa kucheza inaurithi ugomvi wao.

Ugomvi huo unakuwa mkali zaidi nyuma ya kadibodi. Waamuzi wengi husimamisha kizuizi cha kadibodi mbele yao, cha kuficha ramani na maandishi, na dadu nazo huangukia humo humo. Dadu inaweza kusema 12 na mwamuzi akatangaza 7. Wanaolitetea jambo hili wanaliita huruma, na naielewa huruma yao. Mtu kamlea mhusika wake kwa miezi, kampa mama na deni na ndoto, halafu nyoka wa njiani, asiyehusiana na lolote, amgonge afe?

Lakini mtazame mchezaji wa upande wa pili wa meza. Huyu saa moja iliyopita alikimbia. Aliliacha sanduku la dhahabu chini kwa sababu alipima, akaona kifo kiko karibu mno. Alitoa kitu cha kweli kwa ajili ya hofu ile. Ukimwokoa mwenzake kwa siri, umeigeuza busara yake kuwa ujinga, na hutamwambia kamwe. Ile huruma imelipiwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Ipo na namna iliyojificha zaidi. Mwamuzi ameandaa zimwi moja zuri, lenye sauti na tabia na pango lililojaa mifupa. Wachezaji wanafika njia panda: kulia msitu, kushoto kinamasi. Wanapiga magoti kuchunguza nyayo, wanamhoji mchungaji wa mbuzi, wanagombana kidogo, wanachagua kushoto. Zimwi liko kushoto. Wangekwenda kulia, lingekuwa kulia. Hakuna dadu iliyogeuzwa, hakuna kanuni iliyovunjwa, na bado mazungumzo yao yote na yule mchungaji yalikuwa maneno ya bure. Kwangu hili ni baya kuliko kuidanganya dadu moja, maana halimwibii mchezaji jibu moja tu, linamwibia swali. Jedwali lililoandikwa kwa uaminifu haliruhusu mambo hayo. Msitu una vyake, kinamasi kina vyake, na aliyemhoji mchungaji vizuri anajua kwa nini leo amechagua matope.

Sisemi kwamba mwamuzi awe mtumwa wa namba. Nasema huruma yake, na ladha yake, na akili yake vitangulie dadu. Kama siko tayari kulipokea kila jibu lililomo kwenye jedwali, sirushi. Ni usiku mkubwa, watu wana kazi kesho, kisa kimefika mahali pazuri: sirushi, nasema "mnafika mjini kabla ya magharibi," na hakuna aliyedhulumiwa. Jedwali lina joka na kundi ni changa? Ama nalifuta joka nikiwa bado nyumbani, ama naliacha na kukumbuka kwamba jedwali lilisema joka, halikusema kifo. Umbali bado haujaulizwa. Msimamo bado haujaulizwa. Joka linaweza kupita juu sana, limening'iniza ng'ombe wa mtu, na wachezaji wakajua jambo kuhusu nchi ile ambalo hakuna mwanakijiji angeweza kuwaambia likawaingia hivyo. Ila nikisharusha, namba inakaa. Ninarusha katikati ya meza, mbele ya macho ya wote. Tangu kadibodi iondoke, watu wetu wanahesabu mienge bila kuambiwa, na mlango unaogoma kufunguka wanaujadili kwa sauti ya chini, kana kwamba kweli kuna anayesikia.

Na mhusika akifa kwa sadfa, mwamuzi bado ana deni. Nyoka yule alikuwa njiani kwa sababu gani? Nani atakayeukuta mwili? Mama wa marehemu, yule aliyetungwa kwa mapenzi, atapata habari na nani? Kifo kisichofuatiliwa ndicho kinachoonekana upuuzi. Kikifuatiliwa kinaingia katika historia ya meza ile, na watu wanakitaja kwa miaka.

Wapo waliojenga kwa kuegemea hadithi, na walijenga vizuri. Tracy na Laura Hickman walitoa Ravenloft mwaka 1983: kasri moja, adui mmoja mwenye majonzi na historia ndefu, hali ya hofu iliyokusudiwa tangu ukurasa wa kwanza. Wengi wanakitaja kitabu hicho kama mwanzo wa safari ya kuiacha sadfa. Lakini hata humo karata hupigwa, kuamua silaha muhimu zimefichwa wapi ndani ya kasri na adui mwenyewe anataka nini safari hii. Watu wawili waliokuwa na kisa mikononi kuliko wenzao wote hawakutaka kukijua kisa chao chote. Kila nikikifikiria kitabu hicho, hilo ndilo linalonirudia.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mwamuzi naiona iko mbali na meza, siku anapoliandika jedwali. Gygax, katika mwongozo wa waamuzi wa mwaka 1979, alijaza kurasa nyingi za viumbe waliopangwa kwa aina ya ardhi na hali ya hewa, na hadi leo nazifungua kwa faida. Hata hivyo, anayechukua jedwali la mwenzake anaichukua na nchi ya mwenzake. Mchezo ninaouandaa sasa unatokea katika delta ya Rufiji, mwezi Mei 1915. Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar mnamo Septemba 1914, imejificha kwenye mito ya mikoko. Waingereza wameziba midomo ya mito, na kisiwa cha Mafia wameshakichukua. Wachezaji hawatakuwa maofisa wa upande wowote. Watakuwa wakata boriti, wenyeji wa delta, wenye shehena iliyokatwa na kupangwa, lakini jahazi la kuibeba halijaja.

Hapa sihitaji kubahatisha tabia za joka. Hapa ninacho, kwa kiasi changu, alichokuwa nacho Verdy: maji kupwa na maji kujaa yanajulikana, tope la mikokoni linajulikana, kiboko anajulikana. Na dadu mbili hazitoi namba zote kwa usawa. Namba 7 ina njia sita za kutokea. 2 na 12 zina njia moja moja. Kuamua nani akae wapi ni kuisema delta yenyewe ilivyo.

Kiboko namweka kwenye 7, kwa kuwa yupo siku zote na vita havimhusu. Kwenye 6 naweka maji: yamekupwa, mtumbwi umekaa juu ya tope, na hakuna kuondoka hadi yajae. Kwenye 8 wapagazi, wamebebeshwa mizigo ya jeshi, wamechoka kupita kiasi. Kwenye 9 wanawake wanaokamata kaa, ambao wanajua kila kitu na watasema kulingana na mnavyowaamkia. Mamba kwenye 4. Kwenye 10 wakata boriti wa kundi lingine, wenye habari zisizothibitishwa. Kwenye 3 ndege ya Waingereza kutoka Mafia, inazunguka juu ikitafuta moshi. Kwenye 11 moto ulioachwa, bado wa moto, hakuna mtu. Kwenye 12 mashua ya Waingereza ikipima kina cha maji usiku. Na kwenye 2, baharia wa Königsberg anayetetemeka kwa malaria, peke yake, hana bunduki, hajui Kiswahili zaidi ya maneno machache ya kuamrisha. Kila mmoja wao, isipokuwa maji na ule moto, ataulizwa msimamo wake kwa dadu mbili nyingine, na baharia naye anaweza kutoa 12.

Doria ya askari ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Ingestahili 7 kwa mtu anayesoma historia ya vita ile kutoka juu, kwa kuwa maofisa walioiandika wanaujaza kila ukurasa kwa askari. Lakini delta ni pana, vijito ni vingi, na ikiwa doria itatokea mara nyingi kuliko kiboko, wachezaji wataanza kuishi kama askari: watahesabu risasi, watatafuta upande wa kujiunga nao, na boriti zao watazisahau. Nimeiweka kwenye 5. Ni njia nne kati ya 36. Watakutana nayo, ila siku nyingi watakuwa wanasikia habari zake tu kutoka kwa wengine waliomo jedwalini, na kila jioni itabidi waamue wenyewe kama wawashe moto wapike, au wale muhogo mbichi walale.